Kikohozi cha Mama Lesieli

Siku mama mkwe wangu alipoanza kuugua kikohozi cha kweli, mume wangu Sateki alikuwa mezani anakula. Aliposikia, aliweka kijiko chini, akanyanyuka na kwenda zake mlangoni, kana kwamba anatoka kuwatazama nguruwe. Alipofika kizingitini ndipo akakumbuka kwamba televisheni imezimwa na dada yake hayumo nyumbani. Akasimama pale ametupa mgongo. Mama akakohoa tena. Sateki akageuka, sote watatu tukacheka, kisha tukaacha kucheka kwa sababu kikohozi hakikuacha.

Tumemzika wiki iliyopita. Mimi ni mke wa mwanawe, kwa hiyo mahali pangu msibani hapakuwa karibu na maiti. Palikuwa nyuma ya nyumba, kwenye matanuri ya ardhini, na mkeka mkuukuu uliochanika, vazi letu la msiba, nimejifunga kiunoni, unanikwaruza mapaja kila ninapoinama. Nilimenya viazi vikuu mpaka vidole vikaniwasha. Watu walioingia na kutoka walimsifu. Mpole, mtu wa sala, mama wa wote. Alikuwa mkali, alificha sukari, na muda wote niliomjua alikohoa kwa uongo. Naandika hili ili nisije nikamsahau alivyokuwa.

Kikohozi hicho alikianza watoto wake wakiwa wadogo. Sateki na dada yake Kalolaine walilelewa kama watoto wote hapa kijijini kwetu Kolonga: kaka halali chumba kimoja na dada yake, hagusi nguo zake, hasemi mzaha mchafu mbele yake, na mambo ya mapenzi hawayatazami pamoja, hata kwenye kioo cha televisheni. Basi televisheni ilipoingia nyumbani, Mama alikaa zamu. Akiona mwanamume na mwanamke kwenye kioo wanasogeleana, au taa ya chumbani inapunguzwa, alikohoa mara mbili, kavu. Sateki alinyanyuka bila neno, akaenda kwa nguruwe. Mambo yakipita, alirudi na kuuliza, "Wamemaliza?" Mama alijibu, "Wamemaliza." Walipokuwa watu wazima wenye ndoa zao, bado ilikuwa hivyo hivyo Kalolaine alipokuja kututembelea. Nguruwe wetu walikuwa wanene kuliko wote kijijini, na majirani walisema ni kwa sababu ya kutazamwa sana.

Mwaka ninaouandika ni ule wa Felisa. Ilikuwa tamthilia ya Wafilipino, kila jioni baada ya sala, na Jumamosi mchana walirudia ya wiki nzima. Felisa alikuwa binti wa muuza samaki aliyeolewa na Anselmo, tajiri mwenye jumba la ngazi mbili. Kisiwa kizima kilimtazama. Mchungaji alifupisha sala na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Kalolaine alikuja kwetu tamthilia ikiwa katikati. Alikuwa ameolewa upande wa magharibi, Kolovai, kule wanakolala popo mchana kutwa kwenye miti, na ndiyo maana Mama alimwita mkwe wake Fotu "yule popo", hata mbele yake. Alishuka kwenye gari la watu akiwa na furushi la majani ya mkadi, akasema amekuja kunisaidia kusuka mikeka ya mkutano wa kanisa. Kichwani hakuwa na nywele. Alikuwa amekata mpaka karibu na ngozi, upande mmoja zikiwa fupi kuliko mwingine.

Kwetu mwanamke hakati nywele hivihivi. Hukatwa akifiwa na mkubwa wake, baba au ndugu wa baba.

"Nani amekufa?" Mama alimuuliza kabla hata hajamsalimia.

"Hakuna, Mama. Joto tu."

"Joto! Mwezi wa saba?"

"Kule kwetu kuna joto."

"Labda popo wanapumua sana," Mama akasema, akampokea furushi.

Wiki zikapita na mikeka haikuisha. Wifi yangu alisuka asubuhi, mchana akafumua. Alisema mstari umekwenda upande, nami nilipotazama niliuona umenyooka. Hakuweza kukaa mahali pamoja. Alichota maji wakati pipa limejaa. Gari likipita barabarani alikwenda dirishani, akarudi, akakaa, akasimama tena. Nilimwambia, "Wifi, hebu tulia, unanifanya hata mimi nisahau ninachofanya." Akacheka. "Nitatulia nikifa, wifi. Nisukumie hayo majani."

Kijijini watu walianza kuuliza anarudi kwake lini. Walimuuliza Sateki, kwa sababu kaka ndiye mwenye kauli. Fotu akija kuomba radhi, atakuja na mzizi wa kava, ule unaopondwa wanaume wakanywa barazani, na nguruwe wa kuchoma. Kaka akiupokea mzizi na kuamuru upondwe, dada anarudi kwa mumewe. Akiurudisha, harudi. Lakini kaka huyo huyo hawezi kumuuliza dada yake kinachotokea chumbani kwake. Wala dada hawezi kumwambia.

Basi waliongea kupitia mimi, na kupitia televisheni.

Jioni moja tulikuwa mkekani, Mama, Kalolaine na mimi. Sateki alikuwa barazani, mahali pake, akikitazama kioo kwa upande kupitia mlango uliokuwa wazi. Kalolaine ndiye aliyetusomea maandishi ya chini, maana Mama hakujua Kiingereza na mimi nilichelewa kuyasoma. Alikuwa mtafsiri mzuri, alibadilisha na sauti.

"Anasema, umependeza leo," akasoma kwa sauti nzito ya Anselmo.

"Mwongo huyo," Mama akasema. "Tazama masharubu."

"Masharubu yana kosa gani, Mama?"

"Baba yenu hakuwa nayo."

Kisha Felisa akaonekana chumbani, amevaa nguo ya kulalia, amekaa kitandani, nywele zake zote zimeachiwa mgongoni. Anselmo akaingia, akafunga mlango kwa ufunguo. Mama akakohoa mara mbili. Tulisikia miguu ya Sateki ikishuka ngazi na nguruwe wakianza kuguna.

Anselmo hakumbusu. Alimshika nywele, akazizungusha mkononi, akatoa mkasi mfukoni.

Kalolaine alikuwa ameshaanza kusoma. "Anasema, sokoni watu wanazitazama sana nywele zako..." Akanyamaza. Kwenye kioo maandishi yaliendelea peke yake. Nywele zilianguka kwenye mto, fungu kwa fungu, na Felisa hakupiga kelele. Nilisikia majani ya mkadi yakivutwa. Wifi yangu alikuwa anafumua mkeka kwa haraka, bila kuutazama.

Mama hakukitazama kioo tena. Alikitazama kichwa cha binti yake, upande ule wenye nywele fupi zaidi. Alinyoosha mkono, akapagusa kwa kidole kimoja, akaurudisha mkono mapajani.

Sateki akarudi barazani. "Wamemaliza?"

"Wamemaliza," Mama akasema.

Kwenye kioo palikuwa pamekucha. Felisa alikuwa bustanini amejifunga kilemba chekundu, anacheka na mpishi, na Anselmo anamletea maua.

"Huyu mama ana bahati," Sateki akasema kutoka nje. "Maua tena! Silia, usiniombe maua, mimi nina majimbi tu."

Nilicheka kidogo ili asiulize. Kalolaine alisimama, akaenda kuchota maji.

Siku chache baadaye habari ikaja kwamba Fotu atafika Jumamosi na mjomba wake Lopeti, msemaji wao. Sateki alinifuata uani nikiwa naosha masufuria. Alikuwa anaegemea mguu huu, mara mguu ule.

"Muulize wifi yako," akasema. "Anataka kurudi au hataki? Mimi nitafuata atakavyosema. Lakini aseme. Siwezi kukaa mbele ya wanaume nikibahatisha."

Nikamuuliza. Kalolaine alikuwa ameshika kisu cha kuchania majani. Alichana jani moja mpaka mwisho, halafu akasema, "Mwambie kaka, mimi ni Felisa."

"Nimwambie hivyo tu?"

"Ataelewa. Anatazama kila siku."

Nikarudi uani, nikamwambia mume wangu, "Anasema yeye ni Felisa."

Uso wake ulifunguka. "Felisa? Yule wa maua? Basi mambo mazuri!" Akapiga makofi mara moja, akaondoka akipiga mluzi. Nikadhani ni kejeli, maana Sateki akikasirika sana hufanya mzaha. Nilidhani amekwenda kunoa maneno yake ya Jumamosi.

Jumamosi walifika mchana na pikapu. Fotu alikuwa amevaa mkeka mzuri kiunoni, vazi la heshima, amechana nywele, mzuri wa sura kama siku zote. Ni mtu ambaye hata watoto wadogo humkimbilia. Nguruwe alikuwa mkubwa, ngozi imekauka na kung'aa, na mzizi wa kava ulibebwa na watu wawili. Wakauweka barazani mbele ya Sateki. Wazee wetu wawili walikuja kukaa naye. Ndani tulikuwa sisi watatu, televisheni inarudia Felisa ya wiki ile kwa sauti ya chini, maana Mama hakuizima Jumamosi hata kwa mchungaji.

Mzee Lopeti alianza. Alikuwa na sauti tamu na tumbo kubwa.

"Tumekuja kwa magoti, ingawa magoti yangu mimi hayapindi vizuri," akasema, na wanaume wakacheka. "Kijana wetu amekosa. Mke wake amekaa huku mpaka kuku wa Kolovai wanamuulizia. Fotu amekonda. Mtazameni! Anapika mwenyewe, jamani, na mimi nimekula chakula chake. Kwa ajili yangu tu, mrudisheni."

Wakacheka tena. Fotu aliinamisha kichwa. "Nimekosa, kaka," akasema. "Hasira za nyumbani tu. Unajua nyumba."

"Najua nyumba," Sateki akajibu, na sauti yake ilikuwa nyepesi. Nilisimamisha mkono kwenye majani. "Nami sitaki kuwachosha. Nilimuuliza dada yangu kwa njia inayofaa. Ameniambia yeye ni kama Felisa wa kwenye televisheni. Sasa mnataka nini zaidi? Ila, shemeji, maua utayatoa wapi?"

Kicheko kikubwa. Fotu alicheka kuliko wote, ingawa sidhani kama aliwahi kumtazama Felisa hata siku moja. Nikamwona Sateki anauwekea mzizi mkono.

Kalolaine alisimama. Akaanza kuukunja mkeka aliokuwa anausuka, na majani yake yaliyokuwa hayajafungwa yakining'inia.

"Amekubali," akasema polepole. "Kaka yangu ameona, na amekubali."

Sijui hata leo ni kitu gani kilichonifungua macho. Labda ni nguruwe wetu, waliokuwa wanaguna nyuma ya nyumba kwa harufu ya mwenzao aliyechomwa.

"Hakuona," nikasema. "Mama, hakuona kitu. Ulikohoa. Alikuwa kwa nguruwe!"

Mama alinigeukia. Nilimwona akihesabu nyuma kichwani mwake, jioni moja baada ya nyingine, kila alipokohoa na kila mlango wa chumbani uliofungwa. Maua, kilemba, kucheka na mpishi, hayo ndiyo Sateki aliyokuwa anayakuta akirudi.

Mke haingilii baraza la kava. Mama mzazi naye hasimami kati ya wanaume na kuanza kutaja kitanda cha binti yake. Kama angetaja, Fotu angekana, na Lopeti angefanya mzaha mwingine mtamu.

Mama akachukua rimoti. Aliibonyeza mpaka sauti ikafika mwisho, nyumba ikatetemeka. Kwenye kioo Anselmo alikuwa anapanda ngazi.

"Silia," akasema. "Igeuze."

Nikaikumbatia ile televisheni, nikaigeuza juu ya kabati mpaka ikaelekea mlangoni. Wanaume wote barazani waligeuza shingo.

"Kumbe kuna sinema!" Lopeti akasema. "Mama Lesieli, tupunguzie kidogo, tunazeeka masikio."

Felisa alikuwa kitandani na nguo yake ya kulalia. Anselmo akazungusha ufunguo. Wazee wetu wakaangalia chini, kwa sababu kaka alikuwa barazani na dada alikuwa amesimama mlangoni, wanaonana. Sateki alishapiga goti moja, mkono sakafuni, tayari kunyanyuka. Akamtazama mama yake, akingojea.

Mama hakukohoa.

Midomo yake ilikuwa imebanwa, koo linapanda na kushuka. Nadhani kilimwasha kweli. Macho yalimjaa maji. Alimtazama mwanawe usoni, na hakukohoa.

"Mama?" Sateki akasema.

Akabaki vile, goti moja chini, hajakaa wala hajasimama. Mkasi ukatoka mfukoni. Fungu la kwanza likaanguka kwenye mto. Kisha nikasikia sauti ya Kalolaine, ile ile ya kututafsiria jioni, nzito kama ya mwanamume.

"Anasema, sokoni watu wanazitazama sana nywele zako. Anasema, tulia, nisije nikakukata sikio."

Hakuna aliyecheka. Kwenye kioo nywele ziliendelea kuanguka, halafu likaja tangazo la sabuni, watoto wanaruka kwenye povu. Wifi yangu hakunyamaza.

"Anasema, nani alikusalimu kanisani? Anasema, simama hapo ukutani mpaka ukumbuke. Anasema, nikitoka nafunga kwa nje, ukitaka haja kuna ndoo. Anasema, piga kelele, nitamwambia kaka yako mambo ambayo hatakutazama tena usoni." Alishika kichwa chake kwa mikono miwili. "Anasema, ukiulizwa, sema joto."

Tangazo likaisha. Mama akaizima televisheni.

Sateki alikuwa anakitazama kichwa cha dada yake. Sijawahi kumwona akimtazama hivyo kabla ya siku ile, wala baada yake. Alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Kisha akakaa chini, taratibu, akajipanga miguu kama inavyopasa. Akauinua mzizi wa kava peke yake, mzizi uliobebwa na wawili, akauweka mbele ya Fotu.

"Shemeji, chukua kitu chako."

"Kaka, hiyo si filamu tu?" Fotu akasema. Alijaribu kutabasamu. "Mwanamke anatazama filamu, anajitia ndani yake..."

"Ndiyo, ni filamu. Chukua."

"Sateki, mwanangu," Lopeti akaanza, na safari hii sauti haikuwa tamu, "tusiharakishe. Watu wazima wanaongea..."

"Mzee, nimekuheshimu. Hatuongei tena."

Lopeti akamtazama mpwa wake kwa muda. Halafu akauliza, "Na nguruwe?"

"Na nguruwe," Sateki akasema.

Wakamrudisha nguruwe kwenye pikapu, mafuta yakiwachuruzika mikononi. Mbwa wetu waliwafuata mpaka barabarani. Fotu hakugeuka kututazama. Wazee wetu waliaga mmoja mmoja, wakisingizia kazi za shambani, maana waliyoyaona pamoja hayatazamwi pamoja.

Sateki hakuingia ndani siku ile. Alikwenda kwa nguruwe akakaa huko juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka giza likaingia. Nilimpelekea chakula, akakipokea bila kuinua uso. "Amekula?" akauliza. Nikasema amekula. "Mpe godoro letu," akasema. Hilo ndilo neno pekee walilopelekeana, kwa mdomo wangu, na tangu siku ile hakuna hata mmoja wao aliyeitaja tena Jumamosi ile.

Hatukupata utulivu mara moja. Kwa miezi pikapu ile ilipita polepole mbele ya nyumba, simu ililia na kukatika, na Kalolaine aliendelea kwenda dirishani. Sateki alihamishia zizi la nguruwe mbele, karibu na barabara. Watu walimcheka kwa harufu, lakini alikuwa na sababu ya kukaa pale muda wote, na baada ya muda pikapu ikaacha kupita. Nywele zilikua kwa kasi yake. Ule mkeka haukumalizika kamwe. Uko chini ya kitanda changu. Mwisho wa Felisa hatukuuona, kwa sababu Mama alikataa kuifungua tena mpaka tamthilia nyingine ilipoanza. Na ilipoanza, alikohoa kama kawaida.

Msibani wiki iliyopita niliingia ndani mara moja tu, kuwapelekea chai waliokaa na maiti. Kalolaine alikuwa pale na nywele zake zimeachiwa kama ipasavyo kwa mfiwa, zimefika kiunoni. Shangazi mmoja wa mbali, mtu mwema asiyejua lolote, alikuwa amepiga magoti nyuma yake na mkasi mkononi.

"Kwa mama si lazima, najua," alikuwa anasema. "Lakini kwa mapenzi, binti yangu. Ncha tu."

Wifi yangu alikuwa amekaa wima, ameshika mkeka wa maiti, na mgongo wake umekuwa kama ubao. Mkasi ukafunguka.

Mlangoni mtu akakohoa mara mbili, kavu.

Alikuwa Sateki, amesimama nje ya kizingiti, macho yake sakafuni. Wote waliowahi kulala katika nyumba ile walijua kikohozi kile ni cha nani. Shangazi hakukijua, lakini aliangalia huku na huku, akaona nyuso, akaufunga mkasi na kuurudisha kwenye mkoba wake.

Kalolaine hakugeuka. Aliinua mkono, akazivuta nywele zake zote mbele, kifuani, akazishika.

Nikaweka chai chini, nikarudi nyuma kwenye matanuri. Viazi vilikuwa vimeanza kuungua.